Jibu kwa binti wa Kibirizi: usifute mchanga mtupu

Swali, kwa kifupi:

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, naishi Mwanga hapa Kigoma. Tangu 2022 narekodi kwa simu akina mama wanaoanika dagaa mwaloni Kibirizi. Sitengenezi hadithi yenye mwanzo na mwisho. Nachanganya picha, sauti, vitenge na michoro ya mkaa, halafu naonyesha ukutani kwa projekta ya kuazima, ili watu waone jinsi akina mama hawa wanavyopunjwa. Mama yangu anasema kazi ya kamera ni harusi, hiyo nyingine ni kumaliza bando. Niliona mtandaoni kazi ya John Akomfrah ya skrini tatu, bahari na nyangumi, nikajiuliza watu kama yeye wanakula nini. Je, mtu anaweza kuishi kwa sanaa ya uanaharakati na filamu za majaribio akiwa huku mwisho wa reli, au nihamie Dar? Halafu nina dakika arobaini nilizochukua 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi: mchanga mtupu, mama mmoja tu anapita na ndoo ya bluu. Nataka kuzifuta, simu imejaa."

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho maana hilo haliwezi kusubiri. Usifute. Futa miziki, futa harusi ya binamu yako, futa na zile video zangu ulizopakua. Hizo dakika arobaini ziache, nitazirudia.

Sasa Akomfrah. Umemwona anashuka kwenye treni ukadhani hapo ndipo alipopandia. Alizaliwa Accra mwaka 1957, akakulia Uingereza. Mwaka 1982, wakiwa vijana wa chuo huko Portsmouth, yeye na wenzake waliunda kikundi kilichoitwa Black Audio Film Collective. Kazi zao za kwanza hata filamu hazikuwa. Zilikuwa slaidi: picha zisizotembea, zinarushwa ukutani moja baada ya nyingine, na kaseti inacheza sauti pembeni. Wewe na projekta yako ya kuazima mnafanya karibu kitu kilekile. Mwaka 1986 wakatoa filamu kuhusu ghasia zilizotokea mwaka uliotangulia huko Birmingham na London, wakaunganisha picha za mitaani na picha za zamani za watu weusi waliohamia Uingereza. Kikundi kilivunjika 1998. Hiyo bahari yenye nyangumi uliyoiona ilionyeshwa Venice mwaka 2015, na mwaka 2024 akarudi Venice kuiwakilisha Uingereza. Kutoka slaidi hadi hapo, piga hesabu: miaka 42.

Lakini si miaka tu niliyotaka uione. Tazama anachofanyia kazi. Sehemu kubwa ya malighafi yake ni picha zilizopigwa na wengine zamani, zikahifadhiwa. Anaingia maktaba, anavuta, anakuta mtu anashuka melini mwaka fulani, anamweka kando ya wimbi, na wewe unayetazama unatetemeka. Jaribu sasa kutafuta picha za wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi mwaka 1985, uone utapata nini. Mimi nilijaribu hapa Tabora. Nilitaka akina mama wa sokoni wa enzi za bibi yangu. Nilipata treni, nilipata maaskofu, nilipata wageni wamesimama mbele ya tembe la Livingstone pale Kwihara wamejishika viuno. Bibi yangu hakuwamo.

Kwa hiyo swali la "wanakula nini" lina jibu ambalo halipendezi kulisikia ukiwa na miaka 24: wanakula kile walichokitunza. Filamu moja haimlishi mtu. Kinachomlisha ni kuwa yeye ndiye mwenye picha ambazo hakuna mwingine aliyezipiga, na ndiye ambaye wale waliopigwa bado wanamfungulia mlango. Mgeni anakuja Kigoma wiki mbili na kamera ya bei ya bajaji tatu, anapata machweo ya jua na sokwe wa Gombe, anaondoka. Hawezi kupata miaka yako minne mwaloni. Hiyo ndiyo mtaji, na inaongezeka kila ukirudi.

Tukiri sasa kwamba mtaji huo haununui unga leo. Mama yako hapo ana haki yake. Mimi nimepiga harusi, sendofu na kichenpati kwa miaka kumi na tisa na sioni aibu. Harusi inakufundisha kusubiri, inakufundisha kunasa sauti ya mtu mmoja kwenye ukumbi wenye spika nane, na haikupi nafasi ya kurudia: pete ikishavishwa imevishwa. Nilijifunza humohumo, kwa kulaumiwa na bwana harusi, kwamba umeme wetu una mapigo 50 kwa sekunde, na simu au kamera iliyoachwa kwenye fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde, hufanya taa za ukumbini zipepese kwenye picha kama zinataka kuzimika. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Ningelijua hilo mapema ningeokoa harusi tatu na urafiki mmoja.

Baada ya harusi kuna kufundisha: vijana, vikundi, shule zenye klabu. Kuna kazi za mashirika, nitazisema chini kwa sababu zina mwiba. Kuna ruzuku, kama zile za Docubox ya Nairobi kwa filamu za kumbukumbu za Afrika Mashariki. Kuna kualikwa kukaa mahali miezi miwili mitatu ukafanya kazi yako huku ukipewa chumba na posho. Nafasi Art Space ya Dar, iliyoanza 2008, ni mlango mzuri wa kujua nafasi hizo. Tamasha la filamu Zanzibar, ZIFF, litakupa watazamaji na marafiki, lakini usipange kodi ya nyumba kwa kutegemea tamasha lolote. Na mbele huko, ukishajulikana, kazi ya video huuzwa kama picha ya ukutani: unatoa nakala chache zenye namba, tuseme tano, unasaini hati ya kila moja, halafu hutoi nyingine tena. Watu wengi wa huku wakisikia hilo hucheka. Acha wacheke, ndivyo makumbusho yanavyonunua.

Sasa nije kwenye uanaharakati, maana barua yako imeutaja mara moja tu, ikakimbilia hela.

Unasema akina mama wanapunjwa. Nani anatakiwa kuona? Ukiniambia "watu", nitakuuliza watu gani. Mwenye gari anayepanga bei alfajiri? Uongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo? Afisa uvuvi wa halmashauri? Mume wa anayeanika? Kila mmoja wa hawa anahitaji kuonyeshwa kitu tofauti, mahali tofauti, na hakuna hata mmoja atakayekwenda kwenye tamasha. Kama shida ni dagaa kuanikwa mchangani, wakachafuka, bei ikashuka, wakati wa kwenye chanja wanauzwa vizuri, basi picha yenye nguvu ni mkono unaopepeta, mchanga unadondoka, na kipimo kinapungua. Huhitaji sauti ya mtu anayefoka juu yake.

Kuna dada yetu alifanya hivyo kabla wewe hujazaliwa. Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, mwaka 1992 alitoa filamu ya dakika 45 kuhusu wanawake wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiponda kokoto Kunduchi. Hakuna msimulizi. Nyundo, jiwe, mtoto mgongoni, nyundo. Mpaka katikati unaanza kusikia maumivu kwenye kifundo cha mkono wako mwenyewe. Itafute kwa udi na uvumba. Ukimaliza kuitazama rudi kwenye picha zako ufute ile miziki ya huzuni niliyosikia chini ya vipande ulivyonitumia. Dagaa mkavu anapogeuzwa kwenye chanja ana sauti yake. Ingiza simu chini ya chanja, mdomo wa maiki uvalishe soksi ili upepo wa ziwa usipige, urekodi dakika kumi bila kuongea.

Na kuonyesha, mwanangu, anza na wao wenyewe. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nimewahi kuharibu.

Mwaka mmoja nilikuja Kigoma na projekta, jenereta dogo na shuka nyeupe mbili nilizoshona pamoja. Nilitaka kuonyesha mwaloni. Nikapanga usiku wa giza, kwa akili ya mpiga picha: giza zuri, picha itang'aa. Watu waliokuja ni watoto na mbuzi. Usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Wanaume wako ziwani na taa zao, akina mama wamelala mapema wapate kuamka alfajiri kupokea mitumbwi. Mbalamwezi ndiyo likizo ya dagaa. Nikarudi wakati wa mbalamwezi: watu wakajaa, na mwezi ukajaa vilevile, shuka ikawa nyeupe tupu, hawakuona kitu. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba sauti ilikuwa nzuri.

Dawa ni kuhesabu mwezi kama wanavyohesabu wao. Mwezi ukiwa mpevu kamili huchomoza karibu na jua linapozama. Kila siku inayofuata huchelewa, kwa wastani, kama dakika hamsini. Siku ya tatu baada ya kupevuka unakuja yapata saa tatu na nusu usiku. Kigoma jua linazama kwenye saa moja, giza limeshika saa moja na nusu. Una saa mbili za giza kamili, na wavuvi wengi bado wako nyumbani. Hapo ndipo pa kutundika shuka yako. Mimi hufika na kazi ya dakika ishirini na kuirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu hawatazami filamu, wanajitafuta wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo lipo mtaani kwako na silisikii likisemwa wasanii wakikutana. Kibanda umiza. Unakijua: mabenchi, televisheni, na yule dijei anayetafsiri filamu ya Kichina kwa Kiswahili cha kwetu, anaongeza utani, anamwita jambazi jina la diwani. Wasomi huko nje wakisimamisha mtu mbele ya skrini aongee papo hapo wanaita majaribio. Hapa ni burudani ya jioni ya kawaida. Chukua picha zako zisizo na maneno, mpe maiki mmoja wa akina mama wanaoanika, asimulie mwenyewe mubashara, kila onyesho kivyake. Leo atasema bei, kesho atamsema mumewe. Rekodi sauti hizo zote. Baada ya maonyesho kumi una filamu kumi juu ya picha zilezile, na hapo hujamwiga Akomfrah wala mtu yeyote.

Michoro yako ya mkaa nimeipenda kuliko vitenge, nikuambie ukweli. Vitenge vinapendeza mno, vinamfurahisha mtazamaji kabla hajaona. Kwa mkaa soma kazi za William Kentridge wa Johannesburg. Tangu 1989 amekuwa akitengeneza filamu kwa karatasi chache: anachora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena palepale, anapiga tena. Karatasi haisafiki kabisa. Alama ya kilichofutwa inabaki kama kivuli, na kwa mtu aliyekuwa akichora Afrika Kusini ya ubaguzi, kile kivuli kilikuwa na la kusema. Fanya hesabu kabla ya kuanza: ukitumia picha 12 kwa sekunde, dakika moja ni picha 720. Funga simu kwenye kigoda au kwenye fito isiyotikisika, zima ile hali ya kurekebisha mwanga yenyewe, na usichore karibu na dirisha maana wingu likipita linaingia kwenye filamu. Mkaa wa jikoni mwingi ni mgumu, unakwaruza karatasi. Okota vipande vyepesi vya vijiti vyembamba chini ya gunia.

Mwiba nilioahidi ni huu. Miaka ya nyuma shirika moja lilinilipa kurekodi wanawake wa kijiji kimoja huku Tabora. Nikakabidhi kila kitu, picha ghafi zote, kwa furaha ya hundi. Miezi sita baadaye nikamwona mama mmoja kati yao kwenye tangazo la kuchangisha fedha, maneno yamewekwa juu yake ambayo hakuyasema, amefanywa mjane. Mumewe alikuwa hai, tena ndiye aliyenipikia chai siku ile. Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwao. Chai sikupewa, na sikustahili.

Tangu hapo nauza kazi iliyokamilika, picha ghafi hazitoki mkononi mwangu. Mkataba wangu unasema matumizi gani, wapi, kwa muda gani, na kwamba maneno ya mtu hayabadilishwi. Ridhaa naichukua kwa video: mtu anataja jina lake, tarehe, na anakubali nionyeshe wapi. "Mwaloni sawa, mtandaoni hapana" ni jibu halali, na wengi watakupa hilo. Kumbuka pia kuwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki yako huanza pale unapoitengeneza kazi. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujipatia ushahidi, na siku ya ugomvi ushahidi ni kitu kikubwa.

Vibali visikuchoshe lakini usiviruke. Filamu ina sheria yake tangu 1976 na Bodi yake. Anza kwa afisa utamaduni wa wilaya, atakuelekeza na kukutajia ada za sasa. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukitaka siku moja kurekodi ndani ya kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, huendi na simu mfukoni. Unahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na hata ukikipata jiulize mara mbili nyuso za nani unazionyesha na nani atazitambua kule walikokimbia.

Kuhamia Dar? Nenda, kaa miezi mitatu, jifunze kuhariri sauti vizuri maana sauti yako bado ni dhaifu, fahamiana na watu, rudi. Ukitaka kuona mtu aliyejenga kazi ya namna hii mbali na mji mkuu wa nchi yake, usitazame mashariki, tazama juu ya ziwa. Kuna Petna Ndaliko Katondolo, mtengeneza filamu na mwanaharakati, mwanzilishi wa Yole!Africa, kituo cha Goma, mji wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, ambacho vijana wa mji ule wamejifunzia filamu, muziki na dansi, vita ikija, ikienda, ikirudi. Anaongea Kiswahili kama wewe. Maji ya Kivu yanashuka kwa mto Ruzizi yanaingia Tanganyika, kwa hiyo hata kijiografia mtu wa Goma ni jirani yako zaidi kuliko mtu wa Mikocheni.

Turudi kwenye mchanga mtupu. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Waandishi wa habari walikuja siku ya kufunga na siku ya kufungua, wakapiga viongozi. Wewe ulisimama katikati, siku ambayo hakuna kilichotokea, ukashikilia simu dakika arobaini. Nilipokusoma nilisimama nikazunguka meza. Kila mtu atakuwa na picha za dagaa wengi. Nani mwingine ana picha ya kutokuwepo kwao, na jinsi chanja zilivyokaa, na sauti ya mwalo usio na injini?

Nilikuwa na kitu kama hicho. Miaka miwili ya stesheni ya Tabora, usiku, abiria wa kwenda kwenu wakisubiri treni iliyochelewa. Diski moja, nakala moja. Ilidondoka kutoka kwenye kochi, urefu wa magoti, ikalia "tik" mara tatu. Fundi wa kwanza alikataa, wa pili alichukua hela, wa tatu aliniambia pole.

Kwa hiyo kabla hujala chakula cha jioni: nakala tatu. Moja kwenye diski yako, moja kwenye diski iliyo nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki, na moja mtandaoni hata kama bando itachukua wiki kuipandisha, mama yako atasamehe. Usizikate, usiziweke muziki, usizipunguze ubora. Halafu chukua daftari la kawaida la shule uandike kwa kalamu: Kibirizi, tarehe, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, upepo ulitoka wapi. Na umtafute yule mama wa ndoo ya bluu. Muulize jina lake, muulize ndani ya ndoo kulikuwa na nini siku ile, na kama anakubali uandike.